Kuchapisha ramani za zamani Dodoma mjini: wino safi, vipimo vya kusimamia

Anayetaka kutundika ukutani ramani ya Dodoma waliyoiota wapangamiji wa 1976 atahudumiwa na steshenari moja ya katikati ya mji yenye plota, yaani printa ya karatasi kubwa. Weusi wa wino wao umekolea, hata njia za mabasi zinasomeka kwa mbali. Na hizo ndizo roho ya mpango ule wa kampuni ya Kanada, Project Planning Associates: basi lipewe njia yake, vitongoji vipitike kwa miguu na baiskeli, gari binafsi lisubiri. Linganisha na Futurama, onyesho la mji wa baadaye la kampuni ya magari ya General Motors, New York 1939: barabara kuu za njia 7 kila upande, magari yakikimbia hadi maili 100 kwa saa! Wapangamiji wa Dodoma walikuwa na akili zaidi, ingawa bodaboda hakuna aliyeiota.

Kasoro iko kwenye kompyuta. Fundi huacha programu ijaze karatasi yenyewe. Ramani ya karatasi ya A0 ikibanwa kwenye A1, ambayo ni nusu yake, urefu hushuka hadi asilimia 71 hivi. Kipimo cha 1:10,000 kinakuwa kama 1:14,000, na maandishi ya pembeni yanaendelea kudai 1:10,000. Mwambie achape A0 kwa asilimia 100, kisha weka rula kabla ya kulipa: kilomita 1 iwe sentimita 10. Skani isiwe chini ya dpi 300 (nukta kwa kila inchi), la sivyo mitaa itageuka ukungu. Wakitaka kuikunja, kataa. Wino hupasuka kwenye mikunjo. Omba bomba la karatasi ngumu.