Hadubini ya LED ya wanafunzi: taa ndo imenifanya niipende

Nimeitumia mwezi mzima na vijana wangu wa twisheni ya baiolojia, nilinunua Kariakoo laki na themanini. Ile ya zamani ilikuwa ya kioo cha kupokea jua, wingu likipita tu giza. Hii ina taa ya ngazi 3, na kwa mtu anayefundisha majani hapo ndo penye utamu.

Tulichukua kajani ka haidrila, ule mmea wa majini wanaowekewa samaki wa mapambo, kembamba hata hukakati, tone la maji, kioo juu, basi. Lenzi ya 40 na ya jicho 10, yaani mara 400. Taa ikiwa chini kloroplasti, yaani vile vidonge vya kijani vinavyotumia mwanga kutengeneza chakula cha mmea, zimetandaa usoni mwa seli kama nguo zilizoanikwa, kila moja inatafuta mwanga. Tukapandisha mpaka mwisho tukasubiri kama nusu saa hivi, aisee, zimehama zote zimejibanza kwenye kuta za pembeni kama watu wanaogombania kivuli cha ukuta saa saba mchana, katikati ya seli peupe! Binti mmoja hakuamini, akaomba turudie, na kurudi kwenye mwanga hafifu kukachukua muda zaidi.

Kinachozihamisha hasa ni mwanga wa bluu, kuna protini zinaitwa fototropini ndo zinauhisi, alafu kloroplasti zinasogea kwa msaada wa nyuzi za aktini, yaani nyuzi nyembamba za protini ndani ya seli. Na siyo mchezo wa bure, mwaka 2002 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mimea ya arabidopsisi, kale kammea kadogo wanakotumia sana maabara, isiyoweza kukimbiza kloroplasti zake inaumia zaidi kwenye mwanga mkali, majani yanababuka.

Sasa kasoro. Kila ukiwasha taa inaanzia ngazi ya juu kabisa, na LED nyeupe ina bluu nyingi, kwahiyo usipowahi kuishusha kloroplasti zinaanza safari kabla hujaangalia vizuri. Mimi nafunika taa na ile nailoni nyekundu ya kufungia zawadi, inazuia bluu sana, zinatulia. Klipu za kushika slaidi nazo zimelegea, mtoto akigusa meza umepoteza seli uliyokuwa unaifuatilia, inaudhi kweli.

Nyota 4 kati ya 5. Ukienda kununua iwashe palepale dukani, ishushe mpaka ngazi ya chini uone kama inafifia kweli, maana niliyojaribu kwanza ngazi zote 3 zilikuwa zinawaka sawa nikairudisha.