Safari ya siku moja Boğazkale: mwongoza watalii namba moja, muda ndiyo shida

Mwaka wa pili huu naishi Ankara, Uturuki, na nilikuwa sijafika Hattusa, magofu ya mji wa kale yaliyoko Boğazkale. Mwezi uliopita tukajichanga wanne, tukalipia safari ya siku nzima: gari na mwongoza watalii mwenyeji. Boğazkale ni wilaya ndogo ya wakulima mkoani Çorum, kama kilomita 200 mashariki ya Ankara. Wahiti, watu wa ufalme wa kale ambao mimi niliwajua kwa jina la Uria Mhiti wa kwenye Biblia tu, waliweka makao yao makuu hapo.

Sifa zote ziende kwa mzee aliyetutembeza. Alianzia kwenye kipande cha ukuta kilichojengwa upya mwaka 2003 hadi 2005, mita 65 za tofali mbichi za udongo, akatuambia ukuta wenyewe ulizidi kilomita 6. Halafu akasimulia kwa zamu. Kabla ya Wahiti walikuwepo Wahatti, watu wengine kabisa, na wafanyabiashara wa Kiashuri wakawa na kituo chao. Mfalme Anitta akauteketeza mji na kumlaani yeyote atakayekuja kuukalia tena. Haikupita miaka mingi, kama mwaka 1650 KK, mfalme mwingine akahamia hapo hapo na kujiita Hattusili, yaani mtu wa Hattusa. Hapo sote tulicheka, na mzee naye.

Nilichokipenda zaidi ni Yerkapı, njia ya mita 71 inayopita chini ya boma. Hakuna tao, mawe makubwa yameegemezwa pande mbili mpaka yakakutana juu. Ukipapasa ukuta ni baridi hata jua likiwa kali, na mbele unaona mwanga mdogo wa pembetatu.

Mji ulihamwa kama mwaka 1200 KK, lakini mzee hakuishia hapo kama wengi wanavyofanya. Alitufuatishia Wafrigia, Waajemi, Wagalatia (ndio wale wa waraka wa Paulo), kijiji cha enzi ya Bizanti kilichojenga kanisa kwa mawe ya mahekalu, hadi Waturuki na Dola ya Uthmania. Vibao vya udongo vilianza kufukuliwa kwa wingi mwaka 1906, ukiwemo mkataba wa amani na Ramesses II wa Misri. Lugha ya Kihiti yenyewe ilifumbuliwa na mtaalamu wa lugha za kale Bedřich Hrozný mwaka 1915, kwa sentensi ya kula mkate na kunywa maji. Maji kwa Kihiti ni “watar”. Mzee alitutamkisha mara tatu.

Sasa malalamiko. Gari lilichelewa saa nzima, na saa hiyo wakaifidia kwa kukata ziara ya makumbusho ya Boğazkale. Tuligoma, tukapewa dakika 20. Mle ndani kuna sfinksi (simba wenye kichwa cha mtu) wawili wa mawe waliopelekwa Berlin kutengenezwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja alirudi 1924, mwenzake akasubiriwa hadi 2011. Watu wamewadai miaka yote hiyo, halafu mimi napewa dakika 20! Iliniuma sana. Yazılıkaya, patakatifu pa Wahiti penye miungu 12 waliochongwa mwambani wakiwa kama wanakimbia, tulipita mbio kuliko wao.

Mwongozaji nyota 5, kampuni nyota 3. Kabla hujalipa, hakikisha makumbusho na Yazılıkaya vimeandikwa kwenye ratiba na saa zake. Vaa viatu vinavyoshika mawe. Mimi narudi mwezi wa tano, nalala huko huko, na namba ya mzee ninayo.