Reichsmark 5 ya Mwaloni au ya Hindenburg: Ipi Inunuliwe Kwanza?

Ukianza kutafuta sarafu za fedha (yaani madini, si pesa tu) za Ujerumani za kati ya vita viwili vya dunia, Reichsmark 5 za aina mbili zitakujia mapema: ile kubwa yenye mti wa mwaloni, iliyotolewa 1927 hadi 1933, na ile ndogo yenye kichwa cha Hindenburg, rais wa zamani wa Ujerumani, ya 1935 hadi 1939. Nunua ya mwaloni kwanza, hata kama bei yake iko juu.

Kwa fedha iliyomo, hazipishani. Ya mwaloni ina gramu 25 na kipenyo cha milimita 36, lakini nusu tu ya uzito huo ndiyo fedha. Ya Hindenburg ina gramu 13.89 na milimita 29, na fedha yake ni sehemu 900 kwa 1000. Piga hesabu: kila moja ina gramu 12.5 za fedha. Muuzaji anayekuambia ya mwaloni ni ghali kwa sababu ni nzito anakuuzia shaba. Inachostahili kulipiwa ni mchoro wake mpana, na uhaba wa zile zilizobaki safi, kwa maana ziliondolewa kwenye mzunguko katikati ya miaka ya 1930.

Hapo kwenye usafi ndipo wengi wanapopoteza pesa. Sarafu yenye nusu ya fedha hutoka kiwandani ikiwa na ngozi nyembamba iliyojaa fedha kuliko ndani. Ikisuguliwa kwa dawa ya kung'arishia, ngozi hiyo inaondoka na rangi ya manjano au wekundu inajitokeza, kwanza kwenye majani ya juu ya mti na kifuani mwa tai. Hakuna namna ya kuirudisha. Katika picha za mnada, tafuta mng'ao unaozunguka kama miale sarafu inapogeuzwa. Ukiona mng'ao bapa wenye mikwaruzo ya upande mmoja, achana nayo. Wajerumani hupanga hali kwa herufi: ss ni iliyotumika lakini bado nzuri, vz ni nzuri sana, st ni isiyotumika kabisa. Kwa ya mwaloni, usishuke chini ya vz ikiwa mfuko unaruhusu.

Bandia zipo, hasa za miaka adimu kama 1930 na 1933. Sumaku peke yake haitoshi, kwani shaba na risasi hazinaswi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani inayosoma gramu 0.01, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini wala kubeba mapovu. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba inayosomeka. Ya mwaloni hutoa takriban 9.6, ya Hindenburg takriban 10.3. Kagua pia ubavu: ya mwaloni imeandikwa EINIGKEIT UND RECHT UND FREIHEIT, na ya Hindenburg GEMEINNUTZ GEHT VOR EIGENNUTZ. Herufi zikiwa hafifu au zikikatishwa na mstari wa kuungia, irudishe.

Herufi ndogo ya kiwanda ndiyo hupandisha au kushusha bei ya mwaka uleule: A ni Berlin, D München, E Muldenhütten, F Stuttgart, G Karlsruhe, J Hamburg. (Aliyewahi kushika rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani anazifahamu A na J.)

Ya Hindenburg ina ubora wake: zilitolewa kwa mamilioni, na bei hukaa karibu na thamani ya fedha. Ila za 1936 zipo za aina mbili, isiyo na swastika, nembo ya Wanazi, na ile ambayo tai anaishika, na kuanzia hapo tai huishika. Sheria ya Ujerumani inazuia kuionyesha hadharani isipokuwa kwa mambo kama elimu na historia, ndiyo maana wauzaji huifunika kwenye picha. Omba picha kamili kabla ya kulipa.

Za kumbukumbu ziache kwa sasa. Reichsmark 5 ya mshairi Goethe ya 1932 zilitengenezwa takriban 20,000 tu, na bila cheti cha mtaalamu usiiguse.

Sarafu ikifika kwenye mfuko laini wa plastiki wenye PVC, itoe siku hiyohiyo. Utando wa kijani unaoachwa na PVC huondoka kwa kuloweka ndani ya asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha, kisha iache ikauke bila kufutwa kwa kitambaa.