Vifaa vya kufungia nzi wa kuvulia: anza na ndoana, seti ya kisanduku iache dukani

Kaskazi ikiingia na bahari ya Malindi ikatulia, wageni huanza kushuka na fimbo zao nyembamba kutafuta sulisuli na kolekole. Manahodha na vijana wanaowatoa baharini wameshaona kwamba nzi wa kuvulia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi ifanane na kidagaa au mdudu, si wa bei rahisi, na kolekole mmoja akikimbilia mwambani anakwenda naye. Ndiyo maana wengi sasa wanataka kufunga wenyewe, na wengine wana hesabu ya kuwauza hadi bara, kwenye mito ya trauti, samaki wa maji baridi. Nimepanga vitu hapa kwa umuhimu, kwa ajili ya mtu asiyeweza kununua vyote kwa mpigo.

Ya kwanza: ndoana

Hapa usibane mkono. Vingine vyote vina mbadala, ndoana haina. Kwa bahari chukua ya chuma cha pua, au iliyopakwa bati, nambari 2 hadi 2/0. Nambari zenyewe huchanganya watu: 16 ni ndogo kuliko 10, zinazidi kukua hadi 1, kisha 1/0 na 2/0 ni kubwa zaidi. Kwa trauti wengi hutumia 10 hadi 16, waya mwembamba kwa nzi anayeelea na mnene kwa anayezama. Ile nyembamba ya mtoni usiipeleke baharini, kolekole ataikunjua.

Kabla ya kulipa, omba moja uijaribu. Iburute ncha taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, ni butu. Ikikwama na kuacha alama, lipa. Nyumbani zihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, maana upepo wetu wa chumvi huila ndoana ya chuma cha kawaida hata ikiwa pakitini.

Ya pili: jiliwa

Hiki ndicho kinachoshika ndoana wakati unafunga. Majiliwa ya bei ya chini kabisa huwa na taya za chuma laini. Baada ya muda taya hulika na ndoana huanza kuchezacheza. Nenda dukani na ndoana zako mbili, kubwa na ndogo. Ibane, kisha isukume kwa kidole gumba kuelekea chini. Ikisogea, mrudishie muuzaji jiliwa lake kwa heshima.

Kuna la kubana ukingoni mwa meza na kuna la kitako. Mimi nasema kitako kizito, kwa sababu meza zetu nyingi za mbao nene hazishikiki na kile kibano, na ukikaa barazani utataka kuhamahama ukikimbia upepo. Linalozunguka ni zuri, lakini si la kukopea pesa.

Ya tatu: uzi na bobini

Uzi hupimwa kwa denye: nambari ikiwa kubwa, uzi ni mnene. 70 ni wa nzi wadogo wa trauti, 210 ni wa bahari, na 140 unafanya karibu kila kazi. Nunua 140 mweupe, mmoja tu, uupake rangi kwa kalamu ya wino usiofutika unapohitaji rangi nyingine. Bobini, yaani kishikio cha uzi chenye kibomba, iangalie mdomo wa kile kibomba: pitisha uzi wa kushonea mbele na nyuma mara kadhaa, na ukianza kutoa manyoyamanyoya ujue mdomo una makali na utakukatia uzi katikati ya kazi.

Mkasi wa kucha kutoka duka la vipodozi unatosha. Usiukatie waya.

Manyoya na vinavyometa

Hapa ndipo watu hutupa pesa, na ndipo mtu wa Malindi au Lamu amebahatika. Manyoya marefu ya shingo ya jogoo wa kienyeji yanafaa kabisa kwa nzi wa bahari. Mkia wa mbuzi, ukiuosha kwa sabuni ya unga na kuukausha kivulini, unachukua nafasi ya mkia wa paa unaouzwa kwa pakiti. Nywele za kusukia za saluni hutoa mwili wa kidagaa usiokunywa maji. Zari ya kudarizia ndiyo ya kumeta. Macho? Ule mnyororo wa vipira unaoshika kizibo cha sinki: kata vipira viwili viwili. Rangi ya kucha isiyo na rangi inafunga kichwa.

Macho mazito yafunge upande wa juu wa ndoana. Nzi hugeuka kifudifudi, ncha ikatazama juu, na hanasi kwenye miamba. Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, alipata umaarufu kwa mtindo huu katika miaka ya 1980, akivua samaki wa mtoni, nao ukahamia baharini. Kaskazi huyasukuma maji ya Mto Sabaki kuja upande wetu. Yakiwa ya tope, funga nzi mweusi au wa njano kali, mweupe hataonekana.

Anayefungia mito ya bara ana gharama moja asiyoweza kuikwepa. Trauti walipandikizwa Mto Gura, Aberdare, mwaka 1905, na mpaka leo nzi wao wa kuelea anataka manyoya makavu, magumu, ya majogoo waliozalishwa maalumu. Ya kienyeji hunywa maji na kuzama. Nunua nusu ya ngozi yenye manyoya yake, si nzima. Manyoya ya ndege wa porini usiguse. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha.

Nzi wa samoni ruka. Samoni wa Atlantiki akishaingia mtoni kutaga huacha kula, hivyo nzi wake si lazima afanane na chakula, na mafundi wa Uskoti walijiachia kwa rangi na manyoya ya ndege wa nchi nyingi. Ni pambo zuri, lakini mteja wa samoni hapa utampata wapi?

Ya mwisho: seti ya kisanduku

Inavutia, ina kila kitu, na ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Jiliwa ni lile la taya laini, ndoana hazina nambari, manyoya ni ya rangi ambazo hutazitumia. Mnunulie mtoto.

Kwa pesa hiyohiyo ni heri dazeni moja ya nzi waliokwishafungwa. Kenya ina mafundi wanaofungia soko la Ulaya, na kazi yao ni safi. Wavulie kumi na mmoja, wa kumi na mbili mfumue kwa wembe, ukianzia kichwani, ambako fundi alimalizia, na upange kila kipande mezani kwa mfuatano kinavyotoka.