Eskepu rumu na familia Masaki: mlango ulifunguka kabla hatujaufungua

Kama mko zaidi ya watano, msiingie chumba kimoja cha eskepu rumu, ule mchezo wa kufungiwa chumbani na kutegua mafumbo ili mtoke. Mhudumu hatakwambia hilo, maana wanalipisha kwa kichwa. Sisi tulikuwa saba: mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, shemeji na rafiki yake wa chuo, pamoja na shangazi aliyekuja akidhani tunakwenda kuangalia sinema. Chumba chenyewe kinalingana na sebule ya nyumba ya kupanga. Watatu wanahangaika na kufuli, wanne wamesimama tu wanawapumulia shingoni.

Tulishuka Dar kutoka Dodoma kwa treni ya SGR, shule zimefungwa, na Coco Beach watoto walishaichoka. Shemeji ndiye aliyeipata sehemu hii. Bei ya mtu mmoja ilikaribia nauli yetu ya daraja la kawaida, ile 31,000, kwa hiyo si pesa ya kuchezea ukiwa na familia. Watoto wanapunguziwa, ila mpaka uulize.

Kwa ambaye hajawahi: mnaingizwa chumbani, saa ya ukutani inahesabu dakika 60 kurudi nyuma, na mnatafuta vidokezo. Kila fumbo mkilitegua mnapata namba au ufunguo wa kufuli linalofuata, hivyo hivyo hadi mlango wa mwisho. Mchezo ulianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007, na mahali pengi hadithi ni zile zile za jumba la kizungu lenye maiti maktabani. Hawa wametengeneza ofisi ya mpelelezi wa Kariakoo: simu ya mezani ya kuzungusha, kabati la chuma lenye kutu, feni isiyozunguka. Hiyo feni nadhani ni makusudi, sina hakika.

Fumbo lililonikosha lilikuwa la vibao vinne vya vituo vya daladala: Manzese, Fire, Ubungo, Kimara. Nyuma ya kila kibao kuna tarakimu moja, na kabati lina kufuli la tarakimu nne. Watoto wakapanga kwa alfabeti, wapi. Shemeji akapanga namba kutoka ndogo kwenda kubwa, wapi. Shangazi, aliyewahi kuishi Manzese miaka mingi, alikuwa amekalia kiti pekee kilichokuwemo. Akasema, "Nyie watoto, gari likitoka mjini si linaanza kupita Fire?" Fire, Manzese, Ubungo, Kimara. Kufuli likaachia. Sasa kumnyamazisha ndiyo ikawa kazi, akitusimulia Ubungo ilivyokuwa kabla mabasi ya mikoani hayajahamia Mbezi, na saa inakimbia. Ila mgeni asiyeijua Barabara ya Morogoro hapo ataomba msaada tu.

Kilichoniudhi ni karatasi za vidokezo, zote Kiingereza kitupu. Mpelelezi wa Kariakoo anaandika taarifa zake kwa Kiingereza kwa ajili ya nani? Mwanangu mdogo wa darasa la tatu aliachwa nje ya nusu ya mchezo, na mama yake akawa mkalimani badala ya kucheza.

Halafu umeme ukakatika. Mlango wa chumba cha pili, ambao tulikuwa hatujaugusa, ukafunguka wenyewe mbele ya macho yetu. Mlango ule unashikwa na sumaku ya umeme. Umeme ukikosekana, sumaku inaachia. Jenereta liliwaka upesi, lakini tulishaona kila kitu ndani. Mhudumu akaja mbio, akaomba radhi, akatuongezea dakika kumi. Watoto walinuna. Mimi, kusema kweli, nilipumua. Januari 2019 huko Koszalin, Poland, wasichana watano walikufa kwenye eskepu rumu baada ya moto kuwazibia njia ya kutoka. Sumaku inayoachia umeme ukikatika ndiyo ninayoitaka, hata ikiniharibia mchezo. Mlango mkubwa nao una kitufe cha kutokea muda wowote. Kabla ya kulipa, waulize wakuoneshe kilipo.

Tulitoka zikiwa zimebaki dakika chache za ile nyongeza. Zingebaki nyingi zaidi kama rafiki wa shemeji asingeokota ufunguo mapema, akautia mfukoni, akasahau. Mke wangu ndiye aliyeamuru kila mtu ageuze mifuko.

Nendeni asubuhi, maana jioni foleni ya kuingia Masaki inaweza kuwachelewesha na muda wenu hauwasubiri. Mhudumu anayewaangalia kwa kamera ni mchangamfu na hatoi msaada ovyo, mpaka mumwombe. Sehemu hii naipa alama nne kati ya tano; hiyo moja nimeikata kwa ajili ya zile karatasi. Chumba hicho hicho sirudi, mafumbo ukishayajua ladha imekwisha. Wana kingine cha jahazi, na shemeji ameshaweka nafasi. Nimemwambia safari hii alipe yeye.