Wakala wa safari wa Posta: tiketi nzuri, ratiba ya kubahatisha

Julai iliyopita nilisafiri peke yangu kwa siku 16 kutoka Dar es Salaam hadi Dublin, Belfast, Glasgow, Edinburgh na London, na maandalizi yote niliyakabidhi kwa wakala mmoja mwenye ofisi maeneo ya Posta. Simtaji jina kwa kuwa madai yangu bado yako mezani kwake.

Nianze na alilolifanya vizuri. Tiketi ya ndege aliyonikatia ilinifikisha Dublin na kunirudisha kutokea London, kwenda na kurudi kupitia Dubai, hivyo sikupoteza siku wala nauli kurudi nilikotua. Bei haikubadilika tangu siku niliyoulizia hadi niliyolipa, na risiti nilipewa papo hapo.

Ratiba, kwa upande wake, iliandikwa na mtu anayeamini kwamba kule kote ni nchi moja. Mtanzania anayetaka kuzuru Ireland na Uingereza anahitaji viza mbili, na ile ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, haimsaidii kokote kati ya hizo. Hilo wakala alilifahamu. Asilolifahamu ni kwamba viza yangu ya Ireland ilikuwa ya kuingia mara moja tu, ilhali ratiba yake ilinitaka niende Belfast kwa treni, nilale huko, nirudi Dublin, kisha nipande meli ya kwenda Holyhead, bandari ya Wales, Uingereza. Belfast iko Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Ukifika huko umekwisha kutoka katika Jamhuri ya Ireland, na kurudi kwako kunahesabiwa kuwa ni kuingia mara ya pili.

Nilipomwonyesha mhudumu jambo hilo, zikiwa zimebaki siku nne niondoke, alicheka akasema, "Dada yangu, Ulaya ni Ulaya tu, hakuna atakayekuuliza." Huenda kweli nisingeulizwa, kwa sababu mpakani pale hapana kizuizi wala mhuri, treni ilipita kana kwamba inatoka Pugu kwenda Ruvu, na nilijua nimevuka pale tu simu ilipoita na kuleta ujumbe wa kunikaribisha Uingereza. Lakini ambaye angekutwa na kosa ni mimi, si yeye, na ombi langu lijalo la viza ndilo lingelilipia.

Basi nilipanga upya mwenyewe. Kutoka Belfast nilipanda feri hadi Cairnryan, Uskoti, mwendo wa saa mbili na dakika chache, kisha basi hadi Glasgow, bila kukanyaga tena Jamhuri. Siku niliyoiokoa niliitumia Giant's Causeway, kwenye pwani ya Ireland ya Kaskazini, ambako ratiba ilinitengea saa moja tu, kama mtu anayechungulia dukani. Ni nguzo zipatazo 40,000 za mawe meusi ya volkano, nyingi zikiwa na pembe sita, zimepangana hadi baharini. Zile za juu zilikuwa vuguvugu kwa jua hata nikaketi, na zile za chini, zinazopigwa na mawimbi, zilikuwa na utelezi wa kuvunja mtu kiuno.

Dhana hiyo ya "Ulaya ni Ulaya" ilijitokeza hata katika mambo madogo. Waliniuzia adapta ya pini mbili za mviringo, wakati Ireland na Uingereza hutumia soketi ya pini tatu bapa, ileile iliyoko ukutani kwangu Tabata. Chaja niliyonunua Kariakoo iliingia bila taabu. Ratiba nayo ilifunga kila siku saa kumi na mbili jioni, saa ambayo huku kwetu jua linaaga, ilhali Dublin mwezi Julai jua huzama karibu saa nne usiku. Niliwahi kukaa kwenye benchi kando ya mto Liffey nikiingojea Magharibi hadi usingizi ukanielemea.

Kwa msafiri wa peke yake, jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni bei ya chumba. Bei niliyotajiwa ilikuwa ya watu wawili wanaolala chumba kimoja, na nyongeza ya mtu mmoja niliikuta katika ankara ya mwisho. Malazi ya Dublin niliyakataa, nikajitafutia chumba cha wanafunzi katika chuo kikuu, vyumba ambavyo hukodishwa kwa wageni wakati wa likizo ya kiangazi. Kitanda kimoja, meza, na hakuna anayekutoza kwa mwenzi usiye naye.

Nauli ya meli ya Holyhead ambayo sikuipanda nimerudishiwa nusu, baada ya kwenda ofisini mara tatu. Nusu iliyobaki wanasema watanikatia kwenye safari ijayo. Tiketi ya ndege wanaweza kunikatia tena. Ratiba nitaandika mwenyewe, na nusu yangu naidai taslimu.