Breki za Land Rover 88: usinunue kitu kabla ya mipira mitatu

Mwaka jana nilishuka mteremko wa Kitonga nikitoka Iringa, na Land Rover yangu fupi, Series III 88 ya 1976, ilikuwa na breki mpya mbele: dramu, shuu zinazoikamata, wili silinda zinazozisukuma, vyote. Kabla sijafika chini usukani ulikuwa unanivuta kushoto, na ndani kunanuka kuungua. Niliposimama Ruaha Mbuyuni nikamwagia dramu maji, yakachacharika kama kwenye kikaango.

Fundi wa pale alilegeza nati ya bomba la chuma pale linapoungana na mpira wa breki, lile bomba laini linalopeleka oili kwenye gurudumu. Gurudumu bado limekaza. Akafungua nati ya kutolea upepo kule chini kwenye gurudumu, oili ikaruka, gurudumu likaachia. Basi tatizo lilikuwa mpira wenyewe. Tuliuchana kwa wembe: nje mzima, ndani umevimba hata njiti ya kiberiti haipiti. Mguu unasukuma oili kwa nguvu ikapita, ukiachia hairudi.

Kwa hiyo orodha yangu ya vitu vya kununua kuboresha breki inaanzia hapo. Gari hili lina mipira mitatu, miwili mbele na mmoja unaokwenda ekseli ya nyuma. Nyingi za umri huu zina njia moja tu ya oili, kwa hiyo mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Mimi nanunua TRW na sitafuti nyingine. Breki za Girling ndizo zilizofungwa kiwandani, Girling ikawa ya Lucas, na Lucas ikaishia TRW mwaka 1999. Weka na oili mpya ya DOT 4, ubadilishe kila miaka miwili maana inanyonya unyevu.

Cha pili ni dramu za inchi 11 za mbele kutoka 109, ile Land Rover ndefu. Za 88 ni inchi 10. Kila gurudumu la mbele linapata silinda mbili, na tofauti unaisikia siku hiyohiyo. Ila chukua na masta silinda ya 109, ile pampu inayosukumwa na pedali. Ile ndogo ya 88 haisukumi oili ya kutosha, pedali itazama. Unapotoa upepo, kaza shuu mpaka ziguse dramu kwanza, la sivyo hewa inabaki silinda ya juu.

Busta ni ya tatu. Inapunguza kazi ya mguu, basi.

Diski naziweka mwisho ingawa vijana wanazipenda. Hazijikazi zenyewe kama shuu, hivyo bila busta utasimama juu ya pedali. Shuu za bei ya chee za mtaani sizizungumzii. Kwenye zangu kitambaa cha breki kiliachana na bati lake.

Kinachoniuma ni maduka. Kariakoo niliuziwa mpira "mpya kabisa", nikaukunja ukatoa nyufa. Umechapishwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa: 2009. Muuzaji akasema, "Mama, hiyo ni namba ya kiwanda tu." Duka la jirani mpira wa aina ileile ulikuwa elfu 45, nilipotaja Land Rover ukawa elfu 90. Siku hizi naenda na tochi, nasoma tarehe kwanza, na gari naliacha mtaa wa pili.